Mpima Amevuka

Baba yangu alipima ardhi kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuamini kitu kisichofunga. Neno hilo ni la kazi yao. Unaanza kwenye kigingi, unazunguka kiwanja kona hadi kona, unarudi kwenye kigingi kilekile. Hesabu zisipokurudisha hapo, umekosea mahali, na ramani haiendi ofisini mpaka uone ni wapi.

Alipostaafu alihamia kwangu na tabia yake hiyohiyo, ila badala ya viwanja akaanza kuwapima watu kwenye simu. Kuna kundi linaitwa Ukumbi wa Hoja, watu kama mia nne, wanabishana kama dunia ipo kweli, kama nafsi zote ni moja, mambo ya namna hiyo. Humo Baba anaitwa Mpima. Mtu akiandika kwamba ukweli haufikiwi kwa akili bali kwa kunyamaza, Baba anamjibu: "Umeanzia kigingi gani? Kama hujui, andika sijui. Ni herufi tano, haziui mtu."

Mpinzani wake mkubwa alikuwa bwana mmoja anayejiita Kisima, kiongozi wa wale wanaoandika kwa mafumbo. Kwa miaka mitatu hawakupatana hata kwenye salamu.

Mimi sina muda na hayo. Nina stashahada ya uendeshaji wa hoteli, na kwa stashahada hiyo nasimamia chumba cha kufulia: mashine sita, mbili mbovu, mashuka ya vyumba tisini, na mvuke unaokutoa jasho mpaka kwenye nyusi. Narudi nyumbani miguu imevimba. Mwenye habari za Ukumbi ni binti yangu wa sekondari, ambaye humsomea babu yake miwani ikipotea.

"Mama, Babu amekuwa maarufu," aliniambia Jumamosi moja nikiwa nakunja nguo, maana hata mapumziko yangu ni ya nguo. "Hebu ona."

Baba alikuwa ameandika: *Mlango umenisahau nje.* Chini yake mioyo myekundu mia mbili na zaidi. Kisima mwenyewe ameandika: "Miaka mitatu nimeisubiri sentensi hii. Ndugu zangu, Mpima amevuka."

"Amevuka nini?"

"Ametoka kwenye hoja, ameingia kwenye siri. Wanasema ameiva."

Nikachukua simu ya binti yangu, nikarudi nyuma kusoma. Miezi miwili iliyopita alikuwa bado anaandika aya ndefu zenye namba, moja, mbili, tatu. Kisha zikafupika. *Asubuhi imebaki kwenye kikombe. Ardhi imehama, kigingi kipo. Ninalitafuta jina linalonitafuta.*

Sikuona siri yoyote. Niliona Jumanne ile nilipomkuta amekaa nje juani, na ufunguo nikaja kuukuta kwenye friji, kando ya maziwa. Niliona chai yake iliyopoa bila kuguswa, naye akishindwa kuniambia ina nini. Na jina alilokuwa analitafuta lilikuwa la binti yangu. Nilikuwepo. Alimwita "wewe, wewe wa, wewe," na mimi nikacheka, kwa sababu siku zote Baba humtania kwa kumwita "mke wangu."

Yote hayo yalipita mbele yangu. Nilikuwa nimechoka, nikayaacha yapite kama doa kwenye shuka la mwisho la zamu.

Nilimkuta chumbani kwake, simu mkononi.

"Baba, Jumatatu twende hospitali."

"Kuna nini?"

"Maneno yako hayakai sawa."

Akacheka. "Watu mia mbili wanasema yanakaa."

"Hao mia mbili huishi nao."

"Miaka mitatu nawaandikia ukweli na, na ile, na viatu vyake, wananiita jiwe. Sasa wananisikiliza. Kwa hilo unataka nikapimwe kichwa?"

"Viatu gani, Baba?"

Akatazama ukuta. "Unajua ninachosema."

"Ulitaka kusema ushahidi. Mimi najua. Wao hawajui, ndiyo maana wanapenda."

"Una mdomo wa mama yako."

"Na ulikuwa unamsikiliza."

"Si mara zote. Nenda, nipumzike."

Nikamwandikia Kisima faraghani. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti kwa Baba siku hizo, sikuwa na pengine pa kwenda. Nilimwambia mimi ni binti wa Mpima, baba anapoteza maneno, tafadhali amwambie aende hospitali.

Akanijibu: "Dada, wanaoshika njia hii siku zote huitwa wagonjwa na watu wao wa karibu."

Nikamwandikia: "Mlango ni wa mbele. Ufunguo ulikuwa kwenye friji."



Jumapili baada ya kifungua kinywa nikatoa sanduku chini ya kitanda cha Baba, nikachagua daftari moja la kazini, nikafungua ukurasa wa kiwanja cha pande nne. Jumla nikaifunika kwa kipande cha karatasi.

"Nijumlishie pembe hizi."

"Mimi si mtoto."

"Basi haitakuchukua muda."

Themanini na nane, tisini na nne, tisini na moja, themanini na saba. Pembe za kiwanja cha pande nne, kiwe cha sura gani, lazima zitoe mia tatu na sitini. Alinifundisha kabla sijaanza shule. Aliandika 412. Akaitazama. Akaanza upya, akapata 298. Mara ya tatu penseli ilisimama kwenye namba ya pili. Binti yangu akafungua mdomo amsaidie, nikamkanyaga mguu.

"Haifungi," alisema Baba.

"Pengine kifaa kilikuwa kibovu." Sijui kwa nini nilisema hivyo, wakati mimi ndiye niliyemfikisha pale.

"Kifaa kilikuwa kizima." Akaondoa kile kipande cha karatasi. 360, kwa mwandiko wake mwenyewe. "Kosa ni la mpimaji. Tangu lini?"

"Wiki saba, nane."

"Na ulikuwa unaona."

"Nilikuwa nimechoka, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepewa kipimo anachokiamini. Kisha akanisogezea simu. "Waambie. Andika wewe. Mimi nikiandika nitapamba."

Niliandika: "Mpima anaumwa. Kesho anakwenda hospitali. Sentensi zake za karibuni msizifasiri, ni ugonjwa." Nikamsomea, akakubali, nikatuma.

Ndani ya dakika tano ujumbe ulikuwa na mioyo sitini. Mmoja akaandika: "Sote tunaumwa." Mwingine: "Na hospitali ni nini hasa?" Binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, Baba akacheka, nami nikacheka kidogo, kisha nikarudi kukunja soksi.

Kisima hakuweka moyo. Jioni alinitumia ujumbe. "Ufunguo ulikuwa kwenye friji kweli?"

"Kweli."

Akaandika tena: "Mwambie nilifurahi mno, nikasahau kumuuliza amefikaje. Ile ya kikombe bado naipenda. Lakini aende."

Nilimsomea Baba. "Huyo," alisema, "anaanza kufikiri."

Jumatatu meneja aliniuliza nani atasimamia mashuka. Nikamwambia mashine nne nzima zinajua kuzunguka zenyewe. Tulikaa kwenye benchi la hospitali kwa muda wa saa tatu. Daktari, msichana mwenye sauti ya chini, alimwekea Baba picha mezani, moja moja.

"Saa," alisema Baba.

"Na hii?"

Alichelewa. "Kitana."

Ya tatu ilikuwa ufunguo. Niliona midomo yake ikijikusanya, nikajua kuna kitu kizuri kinakuja, cha mioyo mia tatu. Akanigeukia. Akafunga mdomo, akaivuta picha karibu, akaitazama kila upande.

"Sijui," alisema.

Daktari akaandika. "Sawa, mzee. Tuendelee."

Nikavua viatu chini ya kiti, nikanyoosha miguu.