Zawadi Zirudi Mlangoni

Hezron alikuwa na kamera kubwa kuliko mpiga picha yeyote kuanzia Tunduma hadi Vwawa, na kizibao chenye mifuko isiyo na kazi. Alichokosa ni kujua kamera yenyewe inafanyaje kazi. Zamani aliuza saruji, na kamera aliinunua kwa Mzambia mmoja ng'ambo ya mpaka kwa sababu ilikuwa nzito. Basi kila alipopata harusi alimwita msaidizi wake, Atupele, amshikie taa na kumnong'oneza abonyeze wapi.

Harusi hii ya Vwawa alikuwa ameitafuta Atupele mwenyewe. Bibi harusi, Mercy, alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na Atupele alikuwa ameapa mbele ya mama mtu kwamba picha zitapendeza. Ukoo wa Ihanda, upande wa bibi harusi, ulikuwa ndio kwanza umemaliza kucheza zawadi: mashangazi na godoro kichwani, baba mdogo na beberu lake, mwendo wa kinyonga hadi meza kuu. Hezron alipiga akiwa amesimama, akachuchumaa, mwisho akalala chali.

"Mdogo wangu, kamera leo inanipenda," alisema. "Tangu tuingie ukumbini inaniandikia maneno mekundu."

Atupele akachungulia. Maneno yalisema kadi ya kuhifadhia picha haimo. Kadi aliichomoa yeye walipotoka kanisani, Hezron asije akafuta picha za ibada, akaisahau kwenye pochi.

"Kaka, hujapiga hata picha moja."

"Kwani picha si zinakaa kwenye lenzi?"

Atupele aliogopa Mercy hatamsemesha tena maisha yake yote. Akaichomeka kadi, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Bwana asifiwe, wapendwa. Mpiga picha anaomba zawadi zirudi mlangoni, zichezwe upya. Mlipita haraka, urembo wenu haukuonekana vya kutosha."

Alisubiri kutukanwa. Mashangazi walishabeba godoro.

Ila mlangoni shangazi Tabita akagoma. "Upande wa bwana harusi wanatutazama. Tutapitaje na godoro lile lile?"

Akatuma mtu duka la jirani, yakaja mablanketi na sufuria. Baba mdogo akarudi na beberu, safari hii na jike lake. Watu wa Hasamba, upande wa bwana harusi, walipoona hivyo wakatoka mbio, wakashusha magunia ya mahindi yaliyokuwa garini yakisubiri kupelekwa sokoni. Hezron akalala chali tena, na safari hii kila kitu kikaingia.

Jioni mama Mercy alimvuta Atupele pembeni.

"Nilikuona ukichomeka kile kidude."

"Mama, naomba unisamehe. Ni mimi niliye—"

"Nyamaza kwanza. Mwezi ujao namuoza Goodness, mdogo wake Mercy. Mje wote wawili." Akatazama jinsi beberu na jike lake wanavyotafuna maua ya meza kuu, akashusha sauti. "Na kile kidude, hakikisheni mnakisahau tena."