Lulanga Juu ya Nyuzi za Chuma

Maneno yalimpotea Papa Télesphore asubuhi moja ya Januari, akiwa anafungua mbuzi nyuma ya nyumba yake huko Nyantende. Majirani walimkuta ameketi chini, kamba ingali imeshikwa, mdomo umepinda. Walimwita, akawatazama vizuri kabisa, akataka kujibu. Kilichotoka hakikuwa neno. Wakampakia kwenye gari lililokuwa likipeleka mihogo Bukavu, na hospitali ilipomaliza kazi yake wakampeleka kwa binti yake Ghislaine, kule Kadutu, mkono na mguu wa kulia vikiwa vimekufa.

Ghislaine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wake, Jean-de-Dieu, alifanya kazi kwenye boti za kwenda Goma. Nyumba yao ilikuwa ndogo, imeegemea mlima kama nyumba zote za upande ule, na kwenye chumba cha wageni meza ilikuwa imechukuliwa yote na kinanda ambacho watu wengi wa Bukavu hawajawahi kukiona: sanduku bapa la mbao, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, limejaa nyuzi za chuma zinazogongwa kwa vijiti viwili vyepesi. Wafaransa hukiita tympanon. Katika kwaya ya parokia walisema tempano, basi.

Ghislaine aliachiwa tempano hiyo na Sista Godelieve, mtawa Mbelgiji aliyemfundisha kukipiga tangu alipokuwa msichana wa kwaya. Alimfundisha nyimbo za misa, na baadaye, wakiwa peke yao, ngoma za harusi za kijijini kwao Flandria, ambazo sista alizipiga huku akicheka na kutikisa mabega. Siku alipoitwa kurudi Ubelgiji, mzee na dhaifu, alimkabidhi Ghislaine vijiti na ufunguo wa kukazia nyuzi.

"Wahungaria wako nayo, Wairani wako nayo, Wahindi, Wachina," alimwambia. "Kila mutu ameigeuza kufuatana na masikio yake. Na wewe usiogope."

Lakini Ghislaine aliogopa. Miaka yote ile alikaza nyuzi zake vilevile kama sista alivyoziacha, do, re, mi.

Papa Télesphore hakuipenda tempano. Yeye alikuwa mpigaji wa lulanga, lile bakuli refu la mti lenye kamba moja inayokwenda na kurudi mpaka inakuwa nyuzi nane. Mpigaji huikumbatia, huichokoa kwa vidole, na juu yake husimulia kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, habari za waami, wale wafalme wa kimila, na za vita na za ng'ombe. Baba yake alimfundisha yeye, na yeye alitaka kumfundisha mwanawe David. David alikimbilia machimbo ya dhahabu ya Shabunda na hakurudi hata kwa maziko ya mama yake. Ghislaine hakufundishwa. Mtoto wa kike hashiki lulanga. Wanaume walipoanza kukusanyika alitumwa maji, na alichokijua alikisikia kupitia ukutani. Kisha katika vita vya zamani nyumba ya Nyantende iliunguzwa, na lulanga ikaungua nayo. Papa Télesphore hakuchonga nyingine. Alipokuja mjini kuwatembelea na kumkuta bintiye akifanya mazoezi, aliwahi kusema mara moja tu:

"Hii kitu yako inasema sana. Haijue kunyamaza."

Mwezi wa pili vita vikafika mjini. Risasi zilisikika siku kadhaa, maduka yakavunjwa, kisha kukawa na utulivu wa namna nyingine ambamo watu walitembea polepole. Shule zilifungwa. Boti zikasimama. Jean-de-Dieu alikaa nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Ghislaine alimwosha baba yake, akamlisha uji, akamgeuza, na mchana alipobaki bila la kufanya alifunua tempano na kupiga wimbo wa Kwaresima, taratibu.

Sauti ikaanza chumba cha pili.

Mwanzoni alidhani baba yake anaugulia maumivu. Akaacha kupiga, akasikiliza. Papa Télesphore alikuwa anaimba mdomo umefumbwa. Mtu ambaye hakuweza kuomba maji alikuwa anaimba, na hakuimba wimbo wa Kwaresima. Ghislaine aliutambua wimbo ule: ulikuwa ule wa mtamba, ng'ombe jike aliyetolewa mahari kwenda kisiwa cha Idjwi, akafika ziwani na kukataa kupanda mtumbwi. Habari yenyewe aliijua kwa kusimuliwa. Maneno ya wimbo hakuwahi kuyashika.

Jean-de-Dieu alisimama mlangoni, bisibisi mkononi.

"Papa anaimba?"

"Nyamaza, tafazali."

Siku iliyofuata alisogeza meza hadi kwenye mlango wa chumba, baba yake amwone. Akaanza kuutafuta wimbo kwenye nyuzi. Papa Télesphore alisikiliza kidogo, kisha akagonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Haiko vile, Papa?"

Akagonga tena.

Alijaribu kutoka juu, akajaribu kutoka chini. Kila alipofika noti ya tatu, ubao uligongwa. Baba alikuwa anaiimba mahali ambapo tempano haikuwa na uzi: si mi, wala si ile iliyo chini yake, bali katikati, mahali ambapo sista angesema mtu ameimba vibaya. Ghislaine alichukua ufunguo, akauweka juu ya pini, asiuzungushe. Zile zilikuwa nyuzi za misa. Pasaka ilikuwa mbele, na kwaya ilikuwa ikimtegemea yeye.

"Ukizilegeza, utajua kuzirudisha?" Jean-de-Dieu aliuliza.

"Sijue."

Akauzungusha. Akapiga, akasikiliza, akaongeza kidogo. Papa Télesphore hakugonga ubao.

Tangu hapo walifanya kazi kila mchana. Sauti ya tempano ilidumu mno. Noti moja ilikuwa haijafa wakati ya pili inazaliwa, na wimbo uliyumba kama maji machafu. Akakata blanketi kuukuu, akalaza kipande chake juu ya nyuzi. Vijiti vilikuwa vikali, akavifunga sufi. Uzi ulipokatika, na nyuzi hazikuwa na pa kununuliwa, Jean-de-Dieu alifumua waya wa klachi ya pikipiki, akachagua uzi mwembamba kuliko yote, akaufunga. Ulilia vizuri kuliko walivyotarajia.

Lililobaki gumu lilikuwa mwendo. Mikono ya Ghislaine ilikuwa imefundishwa kutembea sawasawa, kulia na kushoto, kama watu wanaoandamana kanisani. Baba alikuwa anagonga, anagonga, mpaka siku moja hasira ikampanda, akamwashiria aje. Akamshika kiganja kwa ule mkono wake mzima, akaanza kumpigia juu ya mfupa: moja inakwenda, nyingine inaikimbilia, inaipita, inaisubiri. Alirudia hadi akachoka. Ghislaine alikuwa na umri wa kuwa bibi, na ilikuwa mara ya kwanza baba yake kumfundisha kitu kwa mkono. Alirudi kwenye meza machozi yakimdondoka juu ya blanketi, akapiga wimbo mzima.

Kitanda kilikaa kimya. Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza.

Fabien, kiongozi wa kwaya, alikuja wiki ya Matawi. Alikunywa chai, akaigonga tempano kwa ukucha, uso ukabadilika.

"Maman Ghislaine, imefanya nini hii? Hatuna hata mi. Tutaimba namna gani?"

"Muimbe na ngoma."

"Batu bamevumilia mambo mingi mwaka huu. Banataka kusikia Pasaka kama zamani."

"Ninajua, Fabien. Lakini Pasaka itarudi. Papa, hapana."

Fabien aliondoka bila kumaliza chai. Pasaka waliimba kwa ngoma, na Ghislaine aliketi miongoni mwa waumini, macho chini, akihisi watu wanamtazama.

Papa Télesphore alikufa mwezi wa tano, alfajiri ya mvua, bila kelele. Alikuwa amemwachia nyimbo tatu. Ghislaine alijua zilikuwapo nyingi zaidi. Wakati mwingine alimsikia akianza wimbo mpya na kuupoteza, kisha akigonga ubao kwa ajili yake mwenyewe.

Walimpeleka Nyantende kumzika karibu na mke wake. Ghislaine aliomba tempano ipakiwe pamoja na jeneza, na Jean-de-Dieu akaifunga kwa mikeka bila kuuliza. Barabarani walisimamishwa na watu wenye silaha, wakaambiwa wafungue. Mmoja aliinama, akatazama zile nyuzi muda mrefu, akauliza ni mashine ya nini. "Ya kulilia wafu," Ghislaine alijibu. Wakaachwa wapite.

Baada ya maziko, watu wakiwa wamekaa uani chini ya turubai na kasiksi, pombe ya ndizi, ikizunguka, aliiweka tempano juu ya viti viwili. Minong'ono ikaanza. Mdogo wa baba yake, Polycarpe, mzee mwembamba aliyevaa koti la kazi, aliinuka. Yeye na Télesphore hawakuwa wanaongea tangu miaka mingi, kwa sababu ya ugomvi wa shamba, na watu walikuwa wameshangaa kumwona ameshika jembe kaburini.

"Mutoto wangu," alisema, "lulanga haipigwe na mwanamuke. Na hii haiko hata lulanga."

"Ni kweli, baba mudogo. Haiko lulanga. Na mimi sikufundishwa ku utoto. Lakini wimbo iko ya Papa, ni yeye alinipatia, na sina mahali pengine pa kuiweka."

Polycarpe alichukua kigoda chake, akakigeuza, akaketi mgongo kwake.

Ghislaine akapiga. Mikono ilikuwa baridi, na blanketi lilikuwa limelowa njiani, lakini wimbo ulitoka, mdogo na mkavu, moja ikikimbilia nyingine. Akina mama waliokuwa wanapakua bugali waliacha. Alifika pale ambapo baba yake alikuwa anasimama siku zote, pale sauti yake ilipokuwa inakatika, na yeye akasimama hapohapo, maana zaidi ya pale hakujua kitu.

"Usisimame pale," Polycarpe alisema bila kugeuka.

"Nini, baba mudogo?"

"Ngombe haiyafika ku mayi. Utaiacha mu njia?"

Akaanza yeye. Hakuimba kwa sauti. Alinong'ona kwa Mashi, lugha ya kwao, namna ya wapigaji wa zamani, na watu walilazimika kusogea. Mtamba aliukataa mtumbwi wa kwanza, akaukataa wa pili. Walimvuta kwa kamba, wakamsukuma, wakamwimbia. Ndipo bibi harusi aliyetolewa mahari hiyo akaingia mwenyewe ziwani mpaka kifuani, akaanza kutembea, na mtamba akamfuata. Ghislaine alishika tena vijiti, akamtafuta mzee huku na huku hadi akampata, na wakaenda pamoja mpaka mwisho. Mzee alikosea mahali, akarudi, na yeye akarudi naye. Walipomaliza Polycarpe alibaki amekaa vilevile, akijifuta uso kwa mkono wa koti.

Shule zilikuwa zimefunguliwa. Jumamosi, barabara ikiruhusu, Ghislaine alipanda Nyantende kwa baba yake mdogo. Polycarpe alimpa maneno yote ya wimbo wa mtamba, na mengine ya nyimbo ambazo Télesphore hakufikia kumwonyesha. Hakuwahi kumsifu. Kwa ajili ya Fabien, Ghislaine alirudisha nusu ya nyuzi mahali pa sista, akaiacha nusu nyingine mahali pa baba yake, na kwaya ikajifunza kuishi na hiyo nusu.

Ulikuwapo wimbo mmoja, kati ya zile tatu, ambao Polycarpe hakuutambua. Alimwomba Ghislaine aurudie, naye akaurudia. Mzee akatikisa kichwa.

"Hii haiko ya baba yetu. Hii Télesphore ameitunga yeye mwenyewe. Pengine wakati hatukuwa tunasemezana."

"Maneno yake?"

"Alienda nayo."

Ghislaine aliupiga katika misa ya kumwombea baba yake, mwisho wa mwaka, peke yake, bila kwaya. Baada ya misa mwanamke mmoja alimfuata nje, akamshika mkono, akamwuliza wimbo ule ulikuwa unasema nini.

"Sijue, maman," Ghislaine alimjibu. "Papa ndiye alikuwa anajua."