Kitufe cha Kijani
Risasi zililia upande wa soko la Ntoto, na Kasoki akakimbilia porini peku, simu ameiacha ofisini. Jirani yake, Mama Solange, alikuwa ameshajificha vichakani na redio yake ndogo, akitetemeka, lakini uso una amani.

"Nashukuru Mungu juu ya kazi yako, dada," alinong'ona. "Bwana yangu Valentin iko kule darajani na lori yake. Usipobonyeza ile kitufe ya kijani, redio haitasema njia iko salama. Hataingia huku."

Kasoki akatazama upande wa ofisini. Kazi yake ilikuwa hiyo kweli: kila saa, njia ikiwa salama, abonyeze kitufe kwenye kompyuta, redio itangaze, madereva waondoke. Lakini jana, alipochoka kukaa kitini kama mbuzi aliyefungwa, aliandika amri moja katika kile kidirisha cheusi ili kila saa kishale cha kompyuta kiende chenyewe kwenye kitufe na kubonyeza. Kikatii. Akacheka, akaenda zake kung'oa mihogo. Na leo jua lilikuwa kali, betri za sola za ofisini zimeshiba; kompyuta haingezimika.

Alitaka kusema. Akamsogelea.

Mama Solange akaweka redio sikioni. Sauti ikatoka, nyembamba, bila haraka: "Ntoto ni shwari. Magari yanaweza kupita."

Akamgeukia Kasoki polepole.

"Nani anabonyeza?"

Kabla hajajibu, honi ililia kwenye kona ya kuingia kijijini, ndefu, ya furaha, ile ambayo Valentin humpigia mke wake ateleke maji ya bugali.