Gari Liko Njiani

Jina la Zimamoto alipachikwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, bwana ambaye hajawahi kumwita mtu jina alilopewa na wazazi. Kwa kweli Zimamoto hakuwa mtu wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira wa maji. Alikuwa anapokea simu. Alikaa kwenye chumba chenye dirisha moja linaloangalia uwanja wa magari ya kikosi, simu ya mezani mbele yake, na kazi yake ilikuwa kuuliza ni wapi na nini kinaungua, kisha kusema maneno aliyofundishwa siku ya kwanza: "Gari liko njiani, tulieni hapo hapo."

Aliyasema gari likiwa njiani kweli. Aliyasema pia gari moja likiwa limekwenda kujaza maji upande wa pili wa mji na la pili likiwa bovu, fundi yuko uvunguni, miguu tu ndiyo inaonekana. Mkuu wa zamu alikuwa na hoja yake, na wala hakuwa mtu mbaya. Ukimwambia mtu gari halipo, alisema, atapata kiwewe na kuruka dirishani; mwenye matumaini hutulia. Zimamoto aliizoea hoja hiyo kama alivyokizoea kiti chake chenye mguu mfupi, anakikalia huku ameegemea upande mmoja, siku zinakwenda.

Kilichomharibia raha ni mama yao kuhamia mjini.

Mama alikuwa na miguu inayovimba na presha isiyosikia dawa, na kule kwao hospitali ilikuwa mbali. Baba yao alifia njiani akipelekwa huko, ndani ya gari la kukodi lililopasuka tairi. Kwa hiyo mabinti wawili walikubaliana bila ubishi kwamba mama aje. Akae kwa nani, hilo nalo halikuhitaji kikao. Zimamoto alipanga chumba kimoja cha uani, choo cha kuchangia, mvua ikinyesha vitu vyote vinapandishwa kitandani. Mdogo wake na mumewe walikuwa wamehamia jengo jipya, ghorofa ya sita, maji ya bomba ndani, lifti ya kubonyeza kwa kidole, na hospitali unaiona ukichungulia dirishani.

Siku ya kwanza alipokwenda kumjulia hali mama, shemeji alimpokea meno yote nje, akamshika mkono hadi mlango wa pili na kumgongea jirani, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Mwalimu, huyu ndiye shemeji yangu niliyekwambia. Yuko zimamoto! Hapa hata kukiwaka, simu moja tu, gari letu linakuja kabla ya la mtu mwingine."

Mwalimu alimpa Zimamoto mikono yote miwili. "Basi tumepona," alisema. "Tuna mtu wetu."

Zimamoto alicheka kwa adabu, lakini kichwani alikuwa anahesabu ghorofa. Ngazi ya kikosi, ile ndefu kuliko zote, mwisho wake ni ghorofa ya tatu. Mji ulikuwa umeota kwenda juu, ngazi ikabaki vile vile. Wakubwa walijua, madereva walijua, na yeye alijua, na wote walikuwa wanakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni kama watu wasiojua kitu.

Tangu siku hiyo hakutulia. Hakuweza tena kutazama jengo bila kulikata kwa macho: hapa chini wa kuokolewa, hapo juu Mungu anajua. Dukani alimuuliza muuza vitambaa mlango wa nyuma uko wapi, yule bwana akamwita mlinzi. Akikaa alitaka kusimama, akisimama hajui anakwenda wapi. Kwenye jengo la mdogo wake alipanda na kushuka ngazi akizikagua. Ilikuwa njia moja tu, haina mwenzake, na kila ghorofa watu walikuwa wameigeuza stoo: makochi yaliyotoboka, mitungi ya gesi, baiskeli za watoto.

Siku yake ya mapumziko alifika mapema na kumwambia mama, "Leo tunashuka kwa miguu."

"Lifti imeharibika?"

"Haijaharibika. Tunajaribu."

Mama alikubali kwa sababu alikuwa mama yake. Walishuka hatua kwa hatua, mama ameshika ukuta, anahema. Ghorofa ya nne alilikuta kochi la watu, akaketi na kukunja mikono.

"Mwanangu, moto wenyewe haujawaka, na wewe umeshaniua."

Wapangaji waliochungulia walivunjika mbavu. Walimrudisha mama juu kwa lifti, na kule sebuleni ndipo ugomvi ulipolipuka. Zimamoto alilitoa lote lililomkaa kooni: ngazi fupi, maji ya kufuata mbali, gari bovu. Alisema mama hawezi kukaa juu hivi kwenye mji usiojiandaa kwa lolote. Alisema hata wao wenyewe wangefikiri mara mbili kama huu ni mji wa kukaa.

"Shemeji, punguza," alisema shemeji. "Mji mzima tunaishi hapa. Wote ni wajinga?"

Mdogo wake alikuwa amevimba. "Kwa nini kila nikipata kitu lazima ukitafutie kasoro? Sema tu roho inakuuma mama kukaa kwangu. Haya, akae kwako, maji yakiingia umpandishe kitandani pamoja na masufuria!"

"Sijasema akae kwangu."

"Basi akae wapi? Na wewe unayeyajua yote hayo, mbona hujahama?"

Zimamoto angesema kazi yake iko hapa, lakini kazi za hao wawili nazo zilikuwa hapa, na dawa za mama, na kila kitu.

Mama ndiye aliyekata maneno. "Baba yenu hakufia ghorofani. Alifia porini, pasipo na moto wala jengo, tairi limepasuka. Kule hakuna hata wa kumpigia simu. Mimi huku nimekuja kuishi, sikuja kuokolewa." Kisha akamgeukia binti yake mkubwa. "Ila nijibu hili moja. Tukikupigia, gari litakuja?"

Wote walimtazama. Shemeji alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Litakuja, mama," alisema Zimamoto, upesi upesi, na akaaga bila kunywa chai.

Alijichukia njia nzima. Watu asiowajua aliwadanganya kila siku na akalala, lakini huyu alikuwa mama yake, na uongo ulitoka laini vile vile.

Moto ulikuja siku chache baadaye, mchana, watu wametoka kula. Gari bovu lilikuwa bado bovu. Lile zima lilikuwa limemwaga maji yake yote kwenye karakana ya mbao na kwenda kujaza. Mkuu wa zamu alikuwa mezani kwake, anachokonoa meno. Simu iliyolia haikuwa ya mezani, ilikuwa ya Zimamoto mwenyewe, ndani ya mkoba.

"Dada, kumewaka!" Mdogo wake alikuwa anapiga kelele, lakini sauti yake haikuwa na hofu ya kutosha, na hilo ndilo lililomtisha Zimamoto. "Ghorofa ya tano, jikoni kwa watu. Umeme umekatika, lifti imezima. Mume wangu yuko kazini. Mimi na mama tumefunga mlango, tumekaa. Tuma gari letu."

"Gari liko njiani, tulieni hapo—"

Mdomo ulikuwa umesema peke yake. Zimamoto aliusikia kama mdomo wa mtu mwingine. Alitazama dirishani, na uwanja ulikuwa mtupu, doa la oili tu pale gari linapolala.

"Hapana," alisema. "Hapana, nisikilize. Gari halipo."

"Dada, usinitanie saa hizi."

"Halipo! Limekwenda kujaza maji. Na likija, ngazi yake haifiki kwenu, nilikwambia. Huko nje kwenye ngazi kuna moshi?"

Mlango ulisikika ukifunguliwa. "Kidogo."

"Basi tokeni sasa, kabla haujawa mwingi."

"Mama atawezaje? Si ulimwona siku ile?"

"Mburute! Mbebe! Usikae humo ukinisubiri mimi, mimi sina kitu cha kukupa!"

Mkuu alikuwa amesimama, kijiti bado mdomoni. Kabla hajasema lolote, simu ya mezani ililia. Zimamoto aliinua. Alikuwa mwalimu wa hesabu, anasema kwa utulivu wa mtu mwenye hakika: jengo gani, ghorofa ya sita, kuna moto chini yao, na tafadhali mfikishieni habari mtu wetu aliye hapo kwenu.

Mkuu alimwonyesha kiganja, akakishusha taratibu. Watulize.

Zimamoto alimtazama machoni huku akiongea. "Ni mimi, mwalimu. Gari halipo. Usisubiri, toka sasa hivi. Hapo mlango wa pili yupo mama yangu, miguu yake haiwezi. Na kila mlango utakaoupita gonga, waambie hakuna gari."

Mwalimu hakuuliza swali hata moja. Alikata simu.

"Umefanya nini?" Mkuu alikitema kijiti. "Watu wote hao kwenye ngazi moja! Wakikanyagana je?"

"Wakikanyagana ni mimi. Wakiungua wakisubiri, ni sisi wote."

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Alimpigia dereva, dereva akasema tangi halijafika nusu. Alimpigia mdogo wake, simu ikaita hadi ikachoka. Aliketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akakisukuma kile kiti kwa mguu kikaanguka. Mkuu alikiinua na kukisimamisha. Naye alikuwa na mama yake.

Hatimaye simu iliita. Kulikuwa na kikohozi kirefu, halafu sauti ya mdogo wake.

"Tuko chini. Mama yuko chini."

Zimamoto aliketi sakafuni na kulia kwa sauti, mlango wazi, watu wa ofisi wakimwona.

Habari zote alizipata jioni, chumbani kwake kule uani, mama amelazwa kitandani, mdogo wake ana masizi puani. Mwalimu alikuwa amekuja na shuka. Walimlaza mama, watu wanne wakashika pembe, na yale makochi ya kwenye ngazi yakatupwa chini kwa mateke. Mpangaji mmoja aliteguka vibaya, amefungwa plasta. Mkuu hakuwa amekosea kabisa. Hakufa mtu. Gari lilifika madirisha ya sita yakiwa yameshakuwa meusi. Ngazi ilipandishwa mbele ya umati, ikapanda, ikapanda, ikasimama pale ghorofa ya tatu, na watu wakabaki wakitazama ile nafasi iliyobaki.

"Nilitazama kochi letu linaungua," alisema mdogo wake, "nikasema, pale pale ndipo ningekuwa nimekaa." Alifuta pua. "Tuhame mji huu, dada. Sitaki kitu tena."

"Mhamie wapi?" mama aliuliza kutoka kitandani. "Kliniki yangu ni Jumatatu."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni bila utani hata wa dawa, alisema watatafuta nyumba ya chini. Mjini humo humo. Hakuna aliyempinga, na hakuna aliyefurahi.

Walipobaki wawili, Zimamoto alimkanda mama miguu. "Mama, siku ile nilikudanganya."

"Najua. Ulijibu haraka mno, na chai hukunywa." Mama alifumba macho. "Mdogo wako hajakwambia? Alipogeuka kuja kuniinua, alinikuta nimeshavaa viatu. Tangu siku ile nilikuwa nashinda na viatu."

Kazini hawakumfukuza. Walimtoa kwenye simu wakampeleka mapokezi, kuwaonyesha wageni pa kukaa. Mahali pake waliweka binti mgeni, mpole, mwenye sauti nzuri. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na asubuhi ya kwanza Zimamoto alimsikia Mkuu akimfundisha, taratibu, na yule binti akirudia: gari liko njiani, tulieni hapo hapo. Gari liko njiani, tulieni hapo hapo.

Kumbe mwalimu wa hesabu naye hakutulia. Namba ya Zimamoto aliigawa kwa jengo zima, na jengo likaigawa kwa ndugu zake, na ndugu kwa majirani zao. Walianza kumpigia watu asiowajua. Mmoja aliuliza ngazi inafika wapi. Mwingine alitaka kujua kama ni salama kuoa na kupanga mjini hapa. Zimamoto alimwambia aoe tu, ila apange chini. Usingizi ulimwisha kabisa. Simu alikwenda nayo hata bafuni, ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku moja, mapokezi yamejaa wageni, iliita namba ngeni. Alikuwa mwanamke, anahema, na nyuma yake watoto wanalia.

"Samahani, mama. Nimepiga kule, wameniambia gari liko njiani." Alikohoa. "Wewe ndiye yule anayesema kweli?"

Zimamoto alisimama, akawapita wageni hadi dirishani. Nyuma ya ukuta sauti ile nzuri ilikuwa bado inasema tulieni. Uwanja ulikuwa mtupu.

"Ndiye," alisema. "Kuna moshi kwenye ngazi?"