Mama Mwiko Hatoki Darasani

Chuo kikuu chenyewe kilikuwa juu ya duka la magodoro. Ukitaka shahada unapanda ngazi, ukitaka usingizi unabaki chini, na wapo wanafunzi waliolipia vya juu wakaambulia vya chini. Jiko la chuo lilikuwa uani, chini ya ngazi hizo hizo, na mwenye jiko alikuwa Mama Mwiko. Jina hilo alipewa kwa sababu mwiko haukumtoka mkononi hata akikusalimia. Ukimpa mkono, wewe ndiye unayechagua ushike nini.

Tabu ya Mama Mwiko haikuwa jikoni. Ilikuwa njia.

Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa nyuma ya nyumba ya shemeji yake, na njia ya kutoka barabarani ilipita ubavuni mwa nyumba hiyo ya mbele. Marehemu alipita hapo tangu hajaota ndevu. Machozi ya msiba hayajakauka, shemeji akasimamisha geti la chuma mdomoni mwa njia, akalitia kufuli. Na kufuli lake halikuwa la mchezo, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo: mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli.

"Shemeji," Mama Mwiko alimwuliza siku ile ya kwanza, "mimi nipite wapi?"

"Si kuna banda la kuku la jirani huko nyuma? Pita huko. Kuku hawana maneno."

Basi kila alfajiri Mama Mwiko akawa anatoka kwake kwa kuinama, anapenya bandani, anamwomba radhi jogoo, anatokea upande wa pili na manyoya kichwani. Jioni hivyo hivyo. Alijua anachokitaka shemeji: achoke, afunge virago, nyumba ibaki. Alijua, akanyamaza. Watu walimwambia subira huvuta heri. Kwake ilivuta kinyesi cha kuku.

Sasa siku moja Mkuu wa Chuo akashuka jikoni mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwani aliogopa tai yake isinuke kitunguu.

"Mama Mwiko, weka mwiko chini."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wakaguzi wanakuja kuangalia kama chuo kina wanafunzi wa kutosha. Darasa la Sheria lote linaenea kwenye benchi moja. Nataka lijae."

"Lijae nini?"

"Watu, mama! Panda juu, kaa, fungua daftari, tikisa kichwa."

"Na maharage?"

"Yataiva yenyewe."

"Mkuu, maharage hayana akili ya kuiva yenyewe. Yangekuwa nayo, si ungeyapandisha yakajaze darasa?"

Akapanda hata hivyo, maana bosi akikuita huulizi mara mbili. Humo alikuta wafagizi wameficha mafagio, mlinzi kavua kofia, na muuza magodoro wa chini tayari anasinzia; kazi yake ilimfuata. Wanafunzi wa kweli, wale wa benchi moja, walikuwa wakijiuma midomo wasicheke. Mwalimu wa Sheria alikuwa mama mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na hakuambiwa kitu mpaka alipofungua mlango. Aliwatazama waliojaa. Akamtazama Mkuu. Akavaa miwani yake.

"Mimi humfundisha aliye mbele yangu," akasema, na akaanza.

Wakaguzi wakaketi nyuma. Mama Mwiko alikaa mbele kabisa, amejipanga kutikisa kichwa mpaka shingo iume. Mara akasikia: "Kulikuwa na mjane mmoja. Huu ni mfano, nimeutunga mwenyewe ili tujifunze. Jirani akamfungia njia ya kwenda kwake."

Kichwa cha Mama Mwiko kikaacha kutikisika. Akainama mbele, mdomo wazi, mwiko ameusimamisha ngumini kama kalamu ya jitu. Hapo ndipo mpwa wa Mkuu, kijana wa habari za chuo aliyeitwa Kamera, akampiga picha.

"Mjane akaenda mahakamani," Mwalimu akaendelea. "Mahakama ikamwuliza swali moja tu. Kesi nzima ilisimama juu ya jibu lake."

Mkaguzi mkubwa akasimama. "Inatosha, Mwalimu. Tumeridhika."

"Swali gani?" Mama Mwiko akasema.

Hakuna aliyemsikia. Viti vilivutwa, mikono ikapeanwa, Mkuu akawa anawasukuma wafagizi mlangoni kama anayefukuza mbuzi shambani. "Jikoni, mama, jikoni! Hakunukii vizuri huko!"

Maharage yalikuwa yameungua mpaka yamepata kabila jipya. Wakaguzi waliyala, wakayasifu. Wageni wana adabu.

Kesho yake, akiwa bado ana unyoya nyuma ya sikio, Mama Mwiko alisimama mbele ya ubao wa habari za chuo, ule wenye kioo pale mwanzo wa ngazi. Pichani alikuwa yeye, mkubwa kama mlango. Chini yake wameandika, naye akasoma polepole kwa kidole: *Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kitivo cha Sheria, akifuatilia mhadhara kwa makini.*

Akaisoma tena. Kisha akaenda kupika, akapakua, akafuta meza. Saa ya somo la Sheria ilipofika, akajifuta mikono kwenye kanga, akapanda ngazi. Mkuu akamkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Darasani."

"Kufagia?"

"Kufuatilia mhadhara kwa makini."

Mkuu akacheka. Akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mama, ile ilikuwa ya jana."

"Sijawahi kusikia mtu aliyesoma chuo kikuu siku moja. Hata mafua hukaa zaidi."

"Nitaibandua ile picha."

"Mjomba," Kamera akasema kwa sauti ndogo nyuma yake, "nimeshawatumia wakaguzi. Wameipenda sana."

Mkuu akashika tai yake kama mtu anayetafuta pa kujishikilia. "Mama Mwiko, sikiliza. Ukiingia humo, jikoni utatoka. Wapishi wako wengi."

Jiko lile ndilo lililomlisha. Bila jiko, hata njia ingefunguliwa, angepita kwenda wapi? Alitazama ngazi alizopanda. Shuka, mwanamke, sauti moja ikamwambia, shuka, omba radhi, kesho ni siku. Lakini sauti hiyo aliijua. Ndiyo ile ile iliyompitisha bandani.

"Mkuu," akasema, "asubuhi nimeinama kwa kuku. Mchana siinami. Mpishi mwingine mtafute. Na wakaguzi wakirudi kumwuliza yule mwanafunzi wao, nitawaambia mwenyewe alikokwenda."

Mlango ukafunguka kwa ndani. Mwalimu wa Sheria alikuwa amesikia yote.

"Mkuu, ama huyu ni mwanafunzi, ama jana tuliwadanganya wageni. Chagua moja, mimi nina somo."

Mkuu alikuwa bado ameegemeza mkono kwenye mwimo wa mlango. Mama Mwiko akapita chini ya mkono wake. Kuinama huko hakukuhesabika, mlango ulikuwa na mtu.

Aliketi pale pale pa jana. Mwalimu hakumsubirisha.

"Mahakama ilimwuliza mjane: *Ulipofungiwa njia, ulifanya nini?* Akajibu: *Nilinyamaza. Nikatafuta pengine pa kupita.* Miaka na miaka. Basi wakamwambia: ulinyamaza mpaka kila mtu akaamini umeridhika. Akashindwa."

Mama Mwiko alihisi kama kamwagiwa maji ya kuoshea vyombo.

"Mwalimu, na kama hajanyamaza miaka? Kama watu bado hawajazoea?"

"Basi afumbue mdomo. Aseme mbele ya watu, na aseme leo kuliko kesho. Mengine yatafuata."

Kijana mmoja mrefu, waliyemwita Mlingoti, akageuka. "Mama, kwani mjane ni wewe?"

"Ni mimi na kuku."

Wakacheka, kisha akawasimulia, wakaacha kucheka. Alipomaliza alisimama. "Mwalimu umesema mbele ya watu. Watu nawapata wapi?" Akawazungushia macho. "Nani humu mchana kala akashiba?"

Hakuna mkono uliopanda. Ni wanafunzi, usisahau.

"Vizuri. Jioni mnakula kwangu. Tatizo ni kuingia."

Jioni ile, jua bado liko juu ya mapaa, mtaa uliona jambo. Mbele anakwenda Mama Mwiko, mwiko begani. Nyuma yake Mlingoti na wenzake wamebeba sufuria, jiko la mkaa na sahani. Nyuma yao Mwalimu wa Sheria ameshika mfuko wa chumvi, maana alisema hawezi kwenda mikono mitupu. Na mwisho kabisa Kamera, aliyetumwa na mjomba wake kupeleleza.

Walipofika, geti limefungwa. Mama Mwiko akaligonga kwa mwiko mpaka majirani wakatoka.

"Nani?" Fundi Kufuli akaita kutoka ndani.

"Mimi, shemeji. Nakwenda kwangu."

"Pita huko kwa kuku ulikozoea!"

"Sijazoea!" Akapaza sauti ifike mwisho wa mtaa. "Nimevumilia! Hayo ni mawili! Nasema mbele ya hawa wote: hii ndiyo njia yangu, sijaiacha, wala siiachi!"

Fundi Kufuli akachungulia kwenye upenyo. "Na hao ni akina nani?"

"Darasa langu."

"Darasa la nini, la uzeeni?"

"La Sheria."

Akatoweka kwenye upenyo. Mama Mwiko hakugombana tena. Aliliweka jiko barabarani mbele ya geti, akawasha mkaa, akateleka. Wanafunzi wakakaa chini. Majirani wakaleta vigoda vyao. Mwenye kuku naye akaja, akatangaza kwamba jogoo wake hajalala vizuri tangu msiba. Simu ya Kamera ikalia.

"Anafanya nini huyo mama?" ilisikika sauti ya Mkuu.

"Anapika, mjomba. Darasa zima lipo, na Mwalimu, na mtaa. Somo kwa vitendo. Nipige picha?"

Mkuu alikuwa na kasoro nyingi, lakini habari nzuri haikumpita.

"Piga," akasema. "Tai yangu haimo, lakini piga. Na mwambie kesho maharage yasiungue."

Mama Mwiko akasikia, akaendelea kukoroga. Kumbe jiko bado lake.

Chakula kilikuwa kinaiva alipokuja kinyozi wa mtaa wa pili, anahema, mkasi mkononi.

"Fundi! Fundi Kufuli! Nimefungiwa nje! Nilitoka kumwaga maji, mlango ukajifunga nyuma yangu, na mteja yuko ndani nimemnyoa upande mmoja!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. "Na huyu naye kafungiwa!" Mlingoti akasema. "Karibu, kaka, jiunge na darasa!"

"Ana harusi!" kinyozi akalia. "Fundi, toka!"

Kumbe geti linalomfungia mwenzio nje hukufungia na wewe ndani. Fundi Kufuli alisimama nyuma ya chuma chake, begi la kazi mkononi, anasikia mteja wake akiitwa kwa sauti na mtaa mzima ukimsubiri. Akizembea, kesho nani atamwita? Kufuli likalia, geti likafunguka. Na kabla hajatoa mguu, Mama Mwiko alikuwa kasimama katikati ya njia, sufuria kifuani, mvuke usoni.

"Kwanza mimi, shemeji."

"Nipishe, mtu ana nusu kichwa!"

"Mimi nina nusu nyumba. Ya kulala ninayo, ya kuingilia sina."

Fundi akatazama nyuso zote zile. Akachomoa ufunguo kwenye kishada chake, akamnyooshea. "Haya, chukua wako. Yaishe."

Wanafunzi wakashangilia. Mama Mwiko hakuupokea.

"Ufunguo wa nini? Leo unanipa ufunguo, kesho unabadili kufuli. Si ndiyo kazi yako? Mimi nataka kufuli."

"Fundi!" kinyozi akalia tena.

Fundi Kufuli akalichomoa kufuli kwenye pete yake, akalitupia ndani ya sufuria. Kama alidhani anaharibu chakula, hakujua njaa ya wanafunzi. Mama Mwiko akalitoa kwa mwiko, akalilamba upande mmoja, akalitia mfukoni.

"Limekosa chumvi," akasema. Mwalimu wa Sheria akainua mfuko wake.

Kisha akaingia kwa mguu wake, mgongo wima, darasa likamfuata.

Asubuhi jogoo wa jirani aliwika, akangoja, asione mtu wa kuinama. Mama Mwiko alikuwa getini, kanga mpya, hana unyoya hata mmoja. Fundi Kufuli alikuwa hapo naye, anachokonoa ile pete tupu kwa kidole.

"Nitaweka jingine, shemeji," akasema bila kumtazama. "Kubwa kuliko lile."

"Weka," akajibu Mama Mwiko, akipita. "Darasa langu lina njaa kila siku."