Kumwombea Remedios

Kama kuna mtu mwingine Rongai nzima aliyejua majina ya wake wote wa Don Evaristo, hakuwahi kujitokeza. Jepkemboi aliwajua. Alijua nani alimtilia nani sumu, mtoto wa nani alibadilishwa hospitalini, na ni mwigizaji gani aliyeachana na mumewe kule Meksiko wiki ileile aliyoigiza harusi. Usiku, ng'ombe wakishalala na majirani wakishazima taa, alijifunika blanketi miguuni, akashika sindano yake ya kroshia, akawasha televisheni. Kwanza tamthilia, halafu sinema ya mapigano, halafu chochote kitakachokuja. Mikono ilifuma, macho yalitazama.

Mazoea hayo yalianza enzi za marehemu Kiptum, mumewe, aliyefanya kazi ya zamu kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria. Akija nyumbani mapumzikoni, usingizi wa usiku ulimkataa kabisa. Kwa hiyo walitazama pamoja, wakibishana muuaji ni nani. Kiptum alipokufa, watu walimletea mjane unga, sukari na mistari ya Biblia. Hakuna aliyemletea mtu wa kubishana naye usiku wa manane. Televisheni ndiyo iliyobaki, na Jepkemboi hakuona haya kusema kwamba aliipenda.

Sasa, kosa lilitokea Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama, nyumbani kwa Njoki. Huyu Njoki ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Walikuwa wamefika pale pa kutaja mahitaji. Mmoja alitaja goti lake, mwingine mahindi yaliyoingiwa na viwavi. Jepkemboi alikuwa amefumba macho tangu wimbo wa pili, na si kwa kuzidiwa na Roho. Alipoguswa bega kwamba zamu yake imefika, alisema lililokuwa moyoni.

"Tumuombee Remedios. Amepigwa risasi na bwanake. Ako ICU, hajafungua macho."

"Uuwi!" akina mama walilia kwa pamoja.

Jepkemboi alisikia alichokisema, akashtuka, akafungua mdomo asahihishe. Lakini Njoki alikuwa tayari amepiga magoti, na Njoki akishapiga magoti hakuna wa kumkatiza. Waliomba mpaka sauti zikakauka. Cheruto, jirani yake wa karibu, alilia machozi ya kweli. Walipoinuka walikubaliana wafunge, wasile mchana, mpaka mgonjwa aamke.

Angeweza kuwaambia wakati wa kuagana kwamba mgonjwa ni wa tamthilia. Hakuwaambia. Ukweli ni kwamba alifurahi, tena sana. Tangu mazishi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wengine kujali jambo lililomkosesha usingizi.

Alhamisi iliyofuata, kabla hata hajakaa, Njoki alimuuliza, "Na mgonjwa wetu?"

"Amefungua macho! Ameomba maji!"

Na ilikuwa kweli. Remedios alikuwa ameamka juzi yake, kwenye kipindi cha usiku, na Jepkemboi alikuwa amepiga makofi peke yake sebuleni. Akina mama waliimba na kuruka mpaka kuku wa Njoki wakakimbilia barabarani. Ndipo Kimberly, binti ya Njoki aliyekuwa likizo kutoka chuoni, akaingia na chai.

"Remedios gani? Wa Don Evaristo?" Kimberly aliitua chupa ya chai asije akaimwaga kwa kicheko. "Mum! Huyo ni wa TV! Mmefunga juu ya mtu wa TV?"

Wimbo ulikatika hapohapo. Mtu mmoja alisikika akisema kwa uchungu kwamba alikuwa amekataa mutura, ile soseji ya nyama na damu, kwenye harusi kwa ajili ya huyo Remedios.

Jumamosi jioni Njoki alifika kwa Jepkemboi akiwa na Mzee Naftaly, mzee wa kanisa, mtu mpole ila mgumu kama mkongojo wake. Walikaa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, wakakataa chai. Hapo Jepkemboi akajua mambo ni mazito.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama," alianza Naftaly.

"Nilikosa, mzee. Ningewaambia na sikuwaambia. Hiyo nitaomba msamaha mbele ya watu wote."

"Na hii?" Naftaly aliielekezea televisheni fimbo. "Hii ndiyo mzizi. Kila kitu inatoka kwa hii ni uchafu. Kesho uilete kanisani tuiharibu mbele ya watu. Ukikataa, hutashiriki meza ya Bwana."

"Na kwa chama hutakuwa," Njoki aliongeza. "Umefanya Rongai yote itucheke, Mama. Hata nikienda kusaga unga kwa posho mill wananiuliza kama Remedios ametoka hospitali."

Jepkemboi aliitazama televisheni. Alimwona Kiptum kwenye kile kiti cha pembeni, akiapa kwamba muuaji ni daktari, na kila mara akikosea. Hasira ikampanda, ile hasira safi isiyotetemesha sauti.

"Msamaha nitaleta," alisema. "TV haiendi mahali."

Jumapili alivaa sare ya chama, rangi ya samawati na kola nyeupe, akaenda kwa miguu. Alipoingia, watu waligeuka kumtazama mikono. Mikono ilikuwa mitupu. Alienda mbele moja kwa moja, akasimama, akasema kwamba aliwaacha wenzake wakifunga kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, kwamba ulikuwa uongo wa kunyamaza, na kwamba anaomba radhi. Alisema vizuri, bila kulialia. Baadhi ya akina mama waliitikia kwa kichwa.

"Na televisheni?" aliuliza Naftaly.

Jepkemboi aliisogelea meza ya Bwana, akainua sahani ya mkate kwa heshima, akaiweka kwenye benchi. Akainua vikombe. Kisha akakivuta kile kitambaa kikubwa cheupe, fahari ya kanisa, akaanza kukikunja.

Watu wengi walikuwa wamesahau kwamba meza ile ilinunuliwa kutoka kwa baa moja ilipofungwa. Sasa kila mtu alikumbuka. Alama za chupa zilionekana kotekote, duara juu ya duara, na pembeni mtu alikuwa amechonga jina la mpenzi wake kwa kisu.

"Mama, unafanya nini?"

"Mzee, ulisema kila kitu inatoka kwa hiyo TV ni uchafu. Hii kitambaa nilifuma mbele yake. Hii kona ni usiku Remedios aliolewa. Hapa nimeruka tundu, angalia, ni ile usiku alipigwa risasi. Kama ni uchafu, wacha niende nayo nyumbani." Akageukia safu ya akina mama. "Na hizo kola zenu. Zote nilifuma hapohapo. Nitangoja kwa mlango, mniletee."

Mikono ilipanda shingoni. Njoki alishika kola yake kana kwamba mtu alitaka kuipora, na hakuna aliyefungua kifungo hata kimoja. Naftaly aliiangalia meza, akayaangalia yale maduara.

"Rudisha kitambaa, mama," alisema polepole.

"Kitambaa irudi, TV ibaki."

"Rudisha tu."

Alikitandaza, akakinyoosha kona kwa kona, akarudisha mkate na vikombe, akaketi mahali pake pa siku zote, safu ya mbele. Naftaly alipoanza kugawa mkate, alifika kwake, akasita, akampita. Jepkemboi hakuurudisha mkono wake. Aliuacha umenyooka, kiganja juu.

Sahani ilimfikia Cheruto aliyekaa kando yake. Cheruto aliitazama, akautazama ule mkono.

"Hujamaliza hapo nyuma, mzee," alisema, na hakuchukua.

Naftaly akarudi hatua moja, akateremsha sahani, na Jepkemboi akachukua mkate wake, akala.

Alhamisi alikwenda kwa Njoki kama kawaida. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Mahitaji yakatajwa, goti na mahindi, mpaka zamu yake ikafika.

"Niko na ombi," alisema. "Ya Remedios. Yule wa kwa TV, ndio pasikuwe na uongo. Jana usiku amerudi kwa bwanake."

"Yule alimpiga risasi?" Cheruto aliruka.

"Huyohuyo. Amesema atabadilika."

Kimberly alichungulia kutoka jikoni, tayari kucheka, lakini mle ndani hakuna aliyecheka. Hakukuwa na mama pale asiyemjua mwanamke aliyerudi kwa mume wa namna hiyo. Mmoja wao, mwenye goti, aliinamisha macho, akaanza kuvuta-vuta kitambaa cha kiti.

Njoki alimtazama huyo mama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Jepkemboi, akahema, akapiga magoti.

"Fungeni macho," alisema. "Na leo mtu asiombe kwa sauti ndogo."