Mama Yangu kwa Alama Tisini

Mwalimu wa lugha, ambaye wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu akiwapa kisogo, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Tangu shule ilete vishikwambi na programu ya kusahihisha insha, alama za darasa lake zilipaa hata mwalimu mkuu akawa ndiye anayeanza kumsalimia. Hilo halikuwa jambo dogo, maana mwaka jana mwalimu aliyeshika mkia alinyang'anywa darasa. Lakini roho yake haikutulia. Watoto waliokuwa wakiandika "mama yangu ni mzuri" na kukwama hapo hapo, leo wote tisini? Hapa pana mkono wa mtu, akajisemea.

Mchana ule, wenzake wakinywa chai, alijifungia darasani akafungua insha moja moja. Kichwa kilikuwa "Mama Yangu". Ya kwanza, mama kafa kwa homa. Ya pili, kafa ajalini. Ya tatu, kakata roho huku amemshika mwanawe mkono, na mama huyo jana tu alikuwa getini akigomba mtaa mzima unamsikia! Wameigana hawa, tena bila haya.

Akatafuta nani aliwasilisha kabla ya wengine. Kikulacho ki nguoni mwako: alikuwa binti yake mwenyewe, kitinda mimba wake. Akasoma jinsi yeye mwenyewe alivyozikwa na kalamu yake nyekundu mkononi. Machozi yakamlengalenga, kisha hasira ikayakausha. Akamwita.

"Nani kakufundisha kuniua?"

"Hakuna, mwalimu," alisema binti, maana shuleni hakuruhusiwa kumwita mama. "Kwanza niliandika unavyopika huku ukiimba vibaya. Mashine ikanipa hamsini, eti haina hisia. Nikakuua, ikanipa tisini na mbili. Wenzangu wakaniuliza nimefanyaje."

"Na hukuona vibaya?"

"Niliona. Lakini si wewe ulisema tuandike kinacholeta alama, mengine tutaandika tukiwa wakubwa?"

Kweli Kalamu Nyekundu alisema hivyo, tena kwa kupiga meza.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Niliifuta."

"Iandike tena. Nataka niwe hai."

Binti akavuta kishikwambi, akasita. "Mwalimu mkuu anabandika alama kesho. Nikiibadilisha, na wenzangu watabadilisha, darasa lako litashuka. Niandike, mama?"

Kalamu Nyekundu akafungua kinywa aseme andika. Macho yake yakashuka kwenye ile tisini na mbili kwenye kioo cha kishikwambi. Mtoto akayafuata macho hayo, kisha akakirudisha kishikwambi mezani taratibu.